Nyasi Iliyobeba Jina Letu

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika mtandaoni. Wale mnaofanya hizi kazi mnajua zinavyokuja: mteja humjui sura, maagizo ni mistari minne, muda ni siku moja, na malipo ni dola chache za kununua unga na bando. Mteja wangu alikuwa na biashara ya kutunza bustani huko California. Alitaka maneno elfu moja kuhusu namna ya kuua Kikuyu.

Nilisoma maagizo mara mbili. Kikuyu imevamia bustani za watu. Kikuyu haisikii dawa. Ukiacha kipande kimoja ardhini, inarudi.

Alikuwa anazungumzia nyasi, bila shaka. Lakini mimi ni Mkikuyu wa Kinangop, na hii ni Kenya. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa darasa la tatu, na nakumbuka jamaa zetu kutoka Bonde la Ufa wakifika kwa shosho usiku na magodoro na sufuria. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia maneno yaliyowafukuza. Baadaye, kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki ambayo wanasiasa walikatazwa kutumia. "Madoadoa" lilikuwemo. "Kwekwe" pia. Kwekwe ni magugu tu, yale unayong'oa shambani. Mtu akikuita hivyo, anakuambia kwamba ulipo si pako, na dawa yako ni jembe.

Basi nikakaa na ile kazi usiku kucha nikijiuliza swali ambalo mteja hakunilipa nilijibu. Nyasi ya kwetu ilifikaje huko? Na kwa nini nyasi hiyohiyo ni chakula cha ng'ombe hapa na ni adui kule?

Kwa shosho

Nyasi yenyewe unaijua, hata kama hujui unaijua. Ndiyo ile inayouzwa kwa magunia na wauza miche kando ya barabara za Nairobi. Ukizaliwa nyanda za juu, ndiyo uliyochezea kati utotoni. Maua yake huyaoni kwa urahisi kwa sababu yamejificha ndani ya majani. Asubuhi, kwenye nyasi iliyokatwa fupi au kuliwa sana, utaona tu nyuzi nyeupe zimetokeza kama mtu amepita akimwaga pamba. Mtaliano Emilio Chiovenda, mtaalamu wa mimea aliyeliweka jina lake la kisayansi kwenye maandishi mwaka wa 1903, aliliita kwa sababu hiyo *clandestinum*, yaani iliyofichika.

Nguvu yake iko chini. Ina mashina yanayotambaa juu ya udongo na mengine ndani ya udongo, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi. Ukiikata kwa jembe vipande vitatu, umepanda nyasi tatu. Ng'ombe akiila, anameza mbegu na kwenda kuziangusha kwingine, zikiwa na mbolea yake tayari.

Nilimpigia shosho simu. Yeye huniita "mume wangu" kwa sababu nimepewa jina la babu. Nikamwambia kuna Wazungu wanataka kuiua hii nyasi.

"Hata mimi naiua," akasema. "Ikiingia kwa viazi naing'oa, naigeuza mizizi juu, jua la Januari linaikausha. Ile iko kwa boma naiacha. Ng'ombe atakula nini, mume wangu?"

Kwake hakuna utata. Mmea uleule ni kwekwe hatua tano upande huu na ni lishe hatua tano upande ule. Lakini alisema kitu kingine ambacho nilikiandika. Alisema zamani sakitu, yaani ule umande unaoganda alfajiri, ilikuwa inaikaanga hiyo nyasi mpaka inakuwa rangi ya kahawia, na mvua ikinyesha inarudi tu. "Baridi haiui hii. Baridi ni nyumbani kwake."

Nilisoma miaka mitatu chuoni, kozi ya mazingira, kabla karo kunishinda. Hakuna mhadhiri aliyenipa sentensi nzuri kama hiyo.

Mlima ni ngazi

Chukua basi kutoka Mombasa hadi Kinangop. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi kama sita. Ukifika mita 2,500, umeacha nyuzi kumi na tano hivi nyuma yako. Huko chini kuna minazi, katikati migunga, juu viazi na kabeji, na ukiendelea kupanda Nyandarua unapata mianzi, kisha vichaka vya baridi, kisha ile mimea ya ajabu ya kileleni inayoonekana kama kabeji iliyopanda juu ya mti.

Mtu aliyefanya dunia ione mpangilio huu ni Mjerumani Alexander von Humboldt. Mwaka wa 1802 alipanda Chimborazo, mlima wa Ekuado, hakufika kileleni, lakini aliandika kila mmea aliokutana nao na mwinuko wake. Baadaye, 1807, akachapisha mchoro wa mlima uliokatwa katikati, majina ya mimea yamepangwa kutoka chini hadi theluji. Wakulima wa milimani walikuwa wanajua haya bila mchoro, lakini mchoro ulionyesha kitu kikubwa: ukipanda mlima mmoja karibu na Ikweta unapitia hali za hewa nyingi, na hali hizo hizo utazikuta tena kwenye mlima mwingine ng'ambo ya bahari, kwa mwinuko unaokaribiana.

Mwaka wa 1967 Mmarekani Daniel Janzen akaongeza jambo. Alisema mlima wa tropiki ni ukuta mrefu kuliko mlima wa Ulaya, hata kama mita ni zilezile. Mmea wa bondeni Ulaya umeshaonja baridi kila mwaka, kwa hivyo ukipelekwa juu wakati wa kiangazi haushangai. Mmea wa Mtwapa haujawahi kuona nyuzi tano maishani mwake. Kwake Kinangop ni nchi nyingine kabisa.

Hii ndiyo sababu milima yetu ilikaa muda mrefu bila magugu mengi ya kigeni. Mengi huanza chini, penye bandari, miji na mashamba makubwa, halafu yanajaribu kupanda. Baridi inayachuja. Chukua lantana, ile yenye maua ya rangi mbilimbili na harufu kali, iliyotoka Amerika ya tropiki na kuletwa kama urembo wa ua. Sehemu za joto imekuwa msitu wenyewe. Lakini sakitu haiiwezi, kwa hivyo ikipanda mlima inachoka njiani.

Sasa fikiria mmea ambao haukuanza chini. Umetolewa kwenye mlima mmoja, ukatiwa kwenye sanduku, ukavushwa bahari na kupandwa juu ya mlima mwingine. Huo haujachujwa na kitu. Umeruka ukuta wote na kuingia kwa mlango wa juu, na ndani umekuta hali ya hewa ya kwao.

Watu waliotafuta baridi

Mimea hairuki bahari yenyewe kwa wingi huo. Kuna watu walioibeba, na walikuwa na sababu.

Waingereza walipotawala nchi za joto walikuwa wanaogopa joto lenyewe. India wakapanda milima ya Nilgiri, Sri Lanka wakajenga Nuwara Eliya, miji ya baridi yenye bustani, farasi na moto wa jioni. Hapa reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, mahali ambapo jina lake la Kimaasai linasema habari ya maji baridi. Mbele ya Nairobi kulikuwa na nyanda za juu. Walowezi wakaona hewa inayofanana na ya kwao na wakasema hapa tunaweza kukaa.

Shida ni kwamba palikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa eneo la Naivasha. Wakikuyu wakabanwa kwenye hifadhi. Nyanda za Juu zikawa za Wazungu kwa desturi, na mwaka wa 1939 mipaka yake ikaandikwa kwenye sheria. Ramani ya ardhi iliyoporwa Kenya, kwa sehemu kubwa, ni ramani ya baridi na mvua.

Shosho alipata shamba lake kwenye mpango wa makazi wa miaka ya 1960, ardhi ya mlowezi ikigawanywa. Kabla ya mlowezi ilikuwa malisho ya Wamaasai. Ninasema hivi ili tusidanganyane: hata sisi Kinangop tulifika, na kuna waliokuwepo.

Milima hii ya ukoloni ikawa kama vituo vya reli moja. Kilichofanikiwa kituo kimoja kilitumwa kingine: chai, ngano, kondoo, miti, nyasi. Maafisa wa kilimo walibadilishana mbegu kama sisi tunavyobadilishana linki. Hawakuwa na programu ya kompyuta ya kulinganisha hali ya hewa. Walitumia ngozi zao. Wakihisi baridi ya aina moja, walijua mmea utashika.

Safari ya nyasi

Mnamo 1911 hivi, vipande vya nyasi yetu kutoka upande wa Ziwa Naivasha vilifika Pretoria, mikononi mwa mtaalamu wa mimea wa serikali, I. B. Pole Evans. Ilishika. Kutoka hapo ikaenea kwenye mashamba ya ng'ombe na viwanja vya michezo vya Afrika Kusini, na jina "Kikuyu" likasafiri nayo.

Mwaka wa 1919 mbegu zilifika New South Wales, Australia. Hizo zilitoka Kongo ya Wabelgiji, maana nyasi hii haikuwahi kuwa ya kabila moja: asili yake ni nyanda za juu kuanzia Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania hadi Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Wafugaji wa maziwa wa Australia wakaipenda sana. Miaka hiyohiyo California ikaipanda ili ishike udongo kwenye kingo za mitaro. Uwanja wa gofu wa Riviera kule Los Angeles, utakaotumika kwa Olimpiki ya 2028, umetandikwa nyasi hii. Wachezaji huilalamikia kwa sababu inaushika mpira.

Kwenye milima ya Kolombia ikawa kama imezaliwa huko. Angalia Bogotá. Iko mita 2,600 juu ya bahari, digrii chache tu kutoka Ikweta. Joto lake la wastani ni nyuzi kama 14 mwaka mzima. Ina misimu miwili ya mvua, mmoja unaofikia kilele Aprili na Mei, mwingine Oktoba na Novemba. Mwonyeshe mkulima wa Kinangop kalenda hiyo bila kumwambia ni wapi, atakwambia ni ya kwao. Maziwa ya uwanda wa Bogotá leo yanategemea *kikuyo*, kama wanavyoiita.

Halafu kuna Hawaii. Nayo ina milima mirefu ya tropiki yenye ukungu na baridi. Nyasi ililetwa kwa ajili ya ng'ombe, ikapanda miteremko ya Haleakalā na Mauna Kea. Visiwa vile vilikaa peke yao baharini mamilioni ya miaka, na miti yake ya asili, kama koa na māmane, haikuwahi kushindana na mkeka mzito hivi. Mbegu ya koa ikianguka juu ya nyasi hii haigusi udongo. Ikigusa na kuota, mche unakosa mwanga. Miti mizee inabaki imesimama na hakuna watoto chini yake. Ukitaka kujua msitu unavyokufa bila shoka, ni hivyo.

Serikali ya Marekani imeiweka nyasi hii kwenye orodha ya magugu hatari ya taifa. Ukifungua orodha hiyo utaikuta, jina la watu wangu katikati ya majina ya Kilatini.

Mti uliokuja upande huu

Ningeishia hapo ningekuwa nimewapa hadithi ya nusu, ile ya "sisi tuliwapelekea". Na sisi tulipelekewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Kenya ililetewa mwati mweusi, ule mti ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Kwao ni kusini-mashariki mwa Australia, penye baridi ya wastani na mvua ya kutosha. Magome yake yana dawa ya kutengenezea ngozi, kuni zake zinawaka vizuri, na unakua haraka. Ulipopanda kwenye baridi yetu uliona kwao. Yaani Australia ilichukua nyasi yetu, sisi tukachukua mti wao, kama majirani wanaobadilishana miche juu ya ua.

Kwa wakulima wadogo wa Kikuyu mti huu ulikuwa pesa. Miaka ya 1930 waliupanda kwa wingi, wakauza magome na makaa. Watu wamesomeshwa na muthanduku. Ukila nyama choma Limuru, kuna uwezekano mkubwa umewahi kuonja moshi wake.

Lakini mbegu zake zinaweza kulala ardhini miaka mingi sana zikisubiri, na moto ukipita zinaamka kwa pamoja. Kule Nilgiri umefunika sehemu kubwa za nyasi za asili za mlimani. Afrika Kusini umejipanga kando ya mito ukinywa maji, na tangu 1995 serikali huko imekuwa ikilipa watu kuukata, mradi ambao umewapa kazi wengi wasio nayo. Kwa hivyo kwenye vilima vya Afrika Kusini mti wa Australia na nyasi ya Kenya zimekutana, zote mbili wageni, zote zimeletwa na watu wa aina moja kwa sababu moja.

Hakuna kati ya hizo mbili iliyobadilika tabia ilipovuka bahari. Nyasi inatambaa Hawaii kama inavyotambaa kwa shosho. Kilichobadilika ni kwamba hapa ilikua pamoja na wanaoila, wadudu wanaoisumbua na mimea iliyozoea kusukumana nayo. Kule ilikuta hali ya hewa ileile, bila wale jirani. Hapo ndipo mmea unakuwa kwekwe.

Sakitu inapoondoka

Miaka mia iliyopita watu ndio waliobeba mimea kutoka baridi hadi baridi. Siku hizi baridi yenyewe inahama.

Kuanzia 2007 kundi la watafiti lilipima magugu ya kigeni kando ya barabara za milimani, katika maeneo 11 kwenye mabara 5, kisha wakarudi kupima tena miaka mitano hadi kumi baadaye. Walikuta idadi ya aina za kigeni imeongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 16 kwa muongo, na sehemu nyingi mimea ilikuwa imesogea juu kuliko ilivyotarajiwa. Barabara si bahati mbaya hapo. Udongo umechimbwa, jua linafika, na magari yanapita na matope kwenye matairi. Joto linafungua mlango na barabara inamleta mgeni hadi mlangoni.

Kwetu dalili ziko wazi. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya ilipimwa 1934. Kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Kilimanjaro, nyasi ndogo ya Ulaya iitwayo *Poa annua* imeonekana kandokando ya njia za wapandaji, juu kabisa ya msitu. Hiyo haihitaji hata ongezeko la joto. Inatoka nchi ya baridi na inasafiri kwenye soli za buti. Mlango wa chini unalegea na mlango wa juu uko wazi kwa kila mtalii.

Na wale wa kileleni, zile kabeji za mitini na lobelia ndefu ambazo huzikuti popote ila kwenye milima yetu mirefu, hawana pa kwenda. Mmea wa bondeni ukibanwa na joto unapanda. Wa kileleni ukibanwa, juu yake ni hewa tu.

Nilimuuliza shosho kama sakitu bado inakuja kama zamani. Akasema inakuja ikipenda. Mwaka mwingine inaunguza viazi vyote, mwaka mwingine haionekani kabisa, na kuna majani yanaota kwa shamba ambayo hayajui jina. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba jina la kitu kipya humchukua muda.

Ile kazi nilimaliza saa kumi za usiku. Niliandika namna ya kuua Kikuyu: ichimbe, toa kila kipande, ifunike isipate mwanga, usiikate wakati imetoa mbegu. Yote ni kweli, na kwa msitu wa Hawaii ningeandika hivyohivyo bila kusita, maana koa nayo ina haki ya kupata watoto. Mwishoni nikaongeza aya moja kwamba nyasi hii ina kwao, kwamba ilibebwa na watu waliojua walichotaka, na kwamba kuna bibi mmoja Kinangop anayelishia ng'ombe wake.

Mteja alilipa. Ile aya aliifuta.